Nipe Mji

Uliponiuliza kwenye simu, Kidawa,
"Mtu huanzia wapi?"
nilicheka, kwa kuwa mimi nilianza vibaya.
Nilianzia kwenye alama ya ramani,
nikaenda pale pale ilipochomekwa,
katikati ya maegesho ya magari, Skipton,
mvua ya ubavu, mwavuli umegeuka bakuli,
nikapekua chini ya benchi kama mwizi wa kuku
hadi mlinzi akaniuliza nimepoteza nini.

Alama ile ni uongo. Hilo ndilo la kwanza.
Mficha kopo anakwambia tu: si hapa, ila si mbali,
mwendo wa maili mbili, hauzidi.
Basi nusu ya jibu unayo kabla hujaketi:
kaskazini hamsini na tatu, magharibi mbili,
hizo haziondoki. Unatafuta mikia.
Tarakimu sita. Zichoree mapengo pembeni mwa karatasi,
kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza,
uyaangalie kila unapokwama.

Kisha mjue mtegaji. Wangu aliitwa Threlfall,
fundi saa mstaafu, makopo kumi na saba kayaficha,
na chini ya kila fumbo kaandika shukrani
kwa Enid, "aliyelikagua kabla yenu."
Nililipita jina hilo kama mtu anayeruka dimbwi.
Nilitaka fumbo, sikutaka watu.

Fumbo lenyewe: ukurasa wa herufi mbili,
K na P, K na P, safu baada ya safu,
na kichwa cha neno moja: Usitazame.
Nikatazama miezi mitatu.
Nikafanya K sifuri na P moja. Nikafanya nukta na mistari
kama karani wa telegramu.
Nikasoma kinyumenyume, nikahesabu, nikagawa kwa saba.
Jibu moja likanipeleka katikati ya bwawa.
Jibu linalokuzamisha si jibu; rudi mwanzo.

Februari nikasalimu amri. Nikamwandikia Threlfall:
kwetu aliyeshindwa kitendawili hutoa mji,
nami nakupa Pangani, na kivuko chake.
Akajibu kesho yake: "Asante. Pangani sina pa kuiweka.
Jaribu tena."

Ukikwama, mwoneshe mtu asiyejali.
Glenys, ninayekunja naye mashuka ya hospitali,
alichungulia karatasi yangu wakati wa chai.
"Huo ni ufumaji, mpenzi. Huvunji kichwa, unafuma."
Akaniazima sindano mbili na sufu ya kijivu.
Usiku wa nne kikatoka kitambaa kilichopinda,
hakina ua, hakina herufi.
Nikakigeuza juu, nikakigeuza chini.
Hasira zikanipanda, nikazima taa,
nikakifinya kiganjani nikitaka kukitupa.

Vinundu.
Nundu.
Nukta nundu.

Nikaketi gizani, lugha ya mama ikinicheka.
Enid hakuyakagua kwa macho.

Jumamosi nilifuata mfereji hadi daraja la kugeuzwa,
nikahesabu mawe ya ukuta, kondoo wakinishangaa.
Kopo lilikuwa la filamu ya zamani, kifuniko kigumu.
Ndani, kijitabu kina majina manne katika miaka mitano,
na kipande cha sufu, kimelainika kwa kushikwashikwa,
kidogo kama stempu.
Nilikipapasa macho yamefumbwa. Sikujua kusoma neno lile.
Nimelinakili; naendelea nalo.
Chini ya majina nikaandika langu, tarehe,
na: Pangani nimeirudisha.

Tarakimu sikupi, Kidawa, usinibembeleze.
Ninachokupa ni sindano, Glenys anataka zake Ijumaa.
Ukishindwa, nipe mji.
Chagua mzuri.